Mkono Ulioupoteza Mwaka

Hapo zamani, na msianze kunikodolea macho, zamani yenyewe si ya babu zenu, ni ya juzijuzi tu, mbingu zikiwa tayari zimejaa vyombo vya watu hadi nyota zinaomba njia, palikuwa na kijiji kikiitwa Mhezule. Nyanda kavu, nyumba za tembe, udongo mwekundu, upepo wa kung'oa kope. Mvua ya huko ni kama mgeni mwenye maringo: akiitwa haji, akija hakai.

Na palikuwa na binti mmoja, jina lake Nyemo. Huyo alisoma. Sikilizeni vizuri, hakusoma kama sisi tulioona ubao umetutosha mapema. Alisoma mpaka akamaliza, akasoma mpaka akaitwa dakta, na alipoitwa dakta akasema bado, akaingia kwenye utafiti wa baada ya udaktari. Mtu wa kawaida akifika mwisho wa njia hurudi nyumbani. Msomi akifika mwisho wa njia huanza kuchimba. Na udaktari wenyewe si wa dawa. Ukiumwa kichwa mbele yake atakupa pole, basi.

Kazi yake ilikuwa hii. Huko juu, juu ya mawingu, inapita setilaiti. Kila baada ya siku tatu, saa kumi na mbili asubuhi, inapita juu ya Mhezule, inaitazama ardhi na kusema udongo una maji kiasi gani. Haishuki, haichimbi, haichafui mikono. Inatazama tu kutoka huko, kama mama mkwe anavyotazama uvungu wa kitanda cha mkamwana. Ikisema nne kwa mia, hilo ni vumbi. Ikisema ishirini, hilo ni shamba.

Kwa nini Nyemo alihangaika na hayo? Kwa sababu tabianchi imegeuka na mvua zimetupa kalenda. Mwezi uliokuwa wa kupanda siku hizi ni wa kungoja, na mwezi wa kungoja ni wa kuzika. Mkulima wa Mhezule ana mbegu ya mara moja. Akikosea siku, amekosea mwaka. Nyemo alitaka jicho lile la juu limwambie mkulima: leo panda, leo subiri. Maneno mawili tu. Kwa maneno hayo mawili alikuwa amesoma miaka ishirini na mbili.

Lakini jicho la juu hudanganyika, kwa hiyo hutafutiwa shahidi wa chini. Mwezi wa tisa Nyemo akafika Mhezule na shahidi wake: chombo chenye meno matatu ya chuma. Akayazika meno ardhini kwa kina cha kidole, akasimamisha mlingoti wenye kioo cha kunyonya jua, akachomeka laini ya simu. Kila saa chombo kikawa kinatuma namba mjini, kwenye meza yake. Na juu ya meza hiyo alikuwa amebandika karatasi yenye neno alilofundishwa na mwalimu wake: Anga na ardhi zikigombana, amini ardhi.

Mahali alipokizika palikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi Mbeleje, mjane wa miaka sabini, mwembamba kama mwiko, mdomo wake haukosi jambo.

"Mbukwa, Bibi," Nyemo alimsalimu.

"Mbukwa, mjukuu wangu. Unazika nini hapa kwangu? Kama ni maiti useme, tujue la kulia."

"Ni chombo, Bibi. Kinazungumza na kitu kilichoko juu angani. Kinakiambia kama ardhi ina kiu."

"Na huko juu wanasikia?"

"Wanasikia, Bibi."

"Hata sasa hivi?"

"Kila saa."

Bibi akauzunguka mlingoti mara moja. "Basi mimi miaka sabini yote napiga kelele, kumbe nilikosa simu."

Watu wakacheka. Nyemo akacheka kuliko wote, akarudi kuchimba. Kishikeni kicheko hicho. Kitawarudia.

Chombo kikahitaji mlinzi, akachaguliwa Chilongani, kijana mwenye mke na watoto watatu, mwandiko wake mzuri kuliko wote kijiji kizima. Kazi yake ilikuwa kuchota udongo kwa kopo kila Jumamosi, hatua chache kutoka kwenye mlingoti. Analipima kopo kwenye mizani udongo ukiwa mbichi, analikausha juu ya jiko la mkaa, analipima tena. Kilichopungua ndicho maji. Anaandika namba kwenye daftari, anaituma kwa simu. Hivyo Nyemo akawa na mashahidi wawili wa ardhi, chombo na kopo, dhidi ya mmoja wa angani. Mambo safi. Lakini kuna jambo moja Nyemo hakuuliza, maana halikuwa kwenye fomu: mke wa Chilongani, Sechelela, alikuwa binti wa Bibi Mbeleje.

Huko Mhezule mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Akimwona njiani anaingia kichakani mpaka apite. Hali chakula mbele yake, hasemi naye, na jina lake halitoki mdomoni mwake hata ndotoni. Si chuki hiyo. Ni heshima, na ni nzito kuliko gunia la chumvi.

Haya. Mwezi wa kumi ukapita mkavu. Mwezi wa kumi na moja ukaingia, wingu hakuna. Kisima kikashuka mpaka kamba ikaungwa mara mbili. Watu wa Mhezule wana desturi yao ya kuomba mvua: humwagi damu, humwagi pombe, unamwaga maji yako mwenyewe, yale uliyokusudia kuyanywa. Wanasema mbingu hazimpi mnyimi. Zamani waliyamwaga popote. Mwaka huo Bibi Mbeleje akawaambia wanawake wenzake:

"Kwa nini tumwage popote, na mdomo tumeletewa? Yule binti kasema wanasikia kila saa."

Basi kila jioni, saa kumi na moja, wanawake wanane walipanga mstari nyuma ya nyumba ya Bibi, kila mmoja na kata yake ya maji. Bibi mbele. Wakamwaga kwenye mguu wa mlingoti, polepole, bila kusema neno. Kisha wakarudi nyumbani na midomo iliyopasuka.

Jumamosi moja Chilongani alichelewa kazini, akafika jioni na kopo lake, akawakuta. Akamwona aliye mbele. Miguu ikamgeuza yenyewe, akajificha nyuma ya ua wa minyaa mpaka wakaondoka. Akachota udongo hatua kumi na mbili kutoka pale, akakausha, akapima. Kopo likasema nne. Akatazama namba ya chombo kwenye simu. Chombo kimesema kumi na tisa.

Chilongani akakaa chini na daftari mapajani. Akiandika nne, Dakta atauliza: mbona chombo kinasema kumi na tisa? Naye atajibu: kuna watu wanamwaga maji. Watu gani? Na hapo ndipo kuna jina ambalo mdomo wake haujapewa ruhusa kulitaja. Tena si kulitaja tu, ni kulishitaki.

Akaandika kumi na nane. Siyo kumi na tisa, isije ikaonekana ameiga.

Jumamosi iliyofuata akaandika kumi na nane. Na iliyofuata, kumi na nane. Uongo hauchoki, anayechoka ni mwenye kuubeba.

Mjini, Nyemo alikuwa mezani. Setilaiti ilisema tano. Chombo kilisema kumi na tisa. Kopo lilisema kumi na nane. Akatazama mstari wa chombo kwenye kompyuta, akaona kitu: mstari ulikuwa na meno. Kila siku unapanda ghafla saa kumi na moja jioni, unashuka taratibu usiku na mchana, kesho yake unapanda tena saa ileile. Meno kama ya msumeno. Akauliza moyoni, hii nini? Joto la jioni? Waya umelegea? Angeweza kupanda gari akaenda kuona, ni mwendo wa nusu siku tu. Lakini mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa tatu, na makala yake ilikuwa inangojwa, na mstari wenye meno hauingii kwenye makala.

Akaupiga pasi. Ndivyo wanavyofanya watafiti: akachukua wastani wa wiki nzima, meno yakalala, mstari ukanyooka kama suruali ya bwana harusi. Kisha akainua macho kwenye karatasi aliyoibandika. Anga na ardhi zikigombana, amini ardhi. Na mashahidi wa ardhi ni wawili.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili akatuma ujumbe. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Masinga, akausoma kwenye kipaza sauti cha ofisi, akaurudia mara tatu kwa sababu alipenda sauti yake: "Udongo una unyevu wa kutosha. Pandeni."

Watu wakaenda mashambani. Wakainama, wakagusa udongo, wakauona vumbi. Wakatazamana.

"Mbona mkavu?"

"Labda maji yako chini zaidi."

"Dakta kasema."

"Basi kasema."

Wakapanda. Na Chilongani akapanda. Mtu pekee Mhezule nzima aliyekuwa na namba ya kweli kichwani alichukua mbegu ya wanawe watatu, akatoboa mashimo, akazitia humo moja baada ya nyingine. Sechelela alikuwa nyuma yake akifukia kwa mguu.

"Mume wangu, leo unapanda kama unazika."

Chilongani akatoboa shimo jingine.

Mchwa walikula za kwanza. Ndege wakala za pili. Zilizobaki zikapata manyunyu ya siku moja, yakaziamsha, zikatoa vijani vidogo kama ncha za sindano, kisha jua likasimama juu yake siku kumi na tisa. Siku ya ishirini mtu akitembea shambani alisikia nyayo zake zikivunja kitu kikavu, kidogo, kisicho na uzito.

Mngedhani wanaogawa mbegu za msaada wangefika. Hawakufika. Wao walitazama ramani, na ramani ilichorwa kwa namba za Nyemo, na kwenye ramani Mhezule ilikuwa ya kijani. Magari yakapita barabara kuu, yakaenda kwenye vijiji vilivyopakwa rangi nyekundu. Watu wa Mhezule wakasimama kando ya barabara wakitazama vumbi la magari. Mbuzi wakauzwa, kisha waliobaki wakafa kabla ya kuuzwa. Mlenda ukaliwa bila ugali. Nyumba zikaanza kufungwa, nne, kisha tisa, miiba ikiwekwa mlangoni kana kwamba kuna mwizi wa kuja kuiba njaa.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza Nyemo akaja. Hakuitwa. Setilaiti ilikuwa imesema nne kwa majuma saba mfululizo, na chombo kumi na tisa kwa majuma saba mfululizo, na jambo hilo lilikuwa limemnyima usingizi. Alishuka kwenye pikipiki saa kumi na moja kasoro, akatembea mpaka nyuma ya nyumba ya Bibi Mbeleje, na hapo akaona meno ya mstari wake. Yalikuwa wanawake watano. Watatu walikuwa wamekwisha kuhama. Walipanga mstari, kata mkononi, wakamwaga mmoja mmoja. Maji yakaingia ardhini bila sauti.

Bibi akageuka, akamwona. Shingo yake ilikuwa imebaki mishipa.

"Umekuja, mjukuu wangu. Tumekinywesha vizuri chombo chako. Sisi wenyewe tumekunywa nusu nusu, lakini chenyewe hakijalala na kiu hata siku moja."

Nyemo akapiga magoti pale penye matope. Duara la matope lenye upana wa mkeka, na kuzunguka duara hilo, mpaka macho yanapoishia, vumbi. Akafungua mdomo aseme. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa kisu, na aliyekuwa mbele yake ni bibi mwenye kata tupu. Lakini alisema. Alisema yote, kwa upole, pale pale, meno na pasi na ujumbe.

Bibi Mbeleje alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitazama kata yake kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mkono uliokatwa na bado una pete.

"Kwa hiyo," akasema, "waliko juu walisikia. Ila mimi ndiye niliyewaambia tumeshiba."

Nyemo akaandika kwa wenye ramani siku hiyohiyo: Mhezule si ya kijani, nimekosea. Wakamjibu kwamba masahihisho yanapitiwa kila baada ya miezi mitatu. Akaandika tena. Wakamjibu vilevile.

Na sasa sikieni jinsi dunia isivyo na haya. Katikati ya mwezi wa pili mvua ikanyesha. Siku tatu, mchana na usiku, mvua ya kweli, ya kujaza nyayo za ng'ombe. Ilipokatika, Jumapili asubuhi, Nyemo akatazama. Setilaiti: ishirini na sita. Chombo: ishirini na sita. Chilongani akachota kopo, akakausha, akapima mbele ya macho ya Dakta. Ishirini na sita. Kwa mara ya kwanza anga, chombo na kopo vilikuwa na neno moja. Kwa neno hilo moja Nyemo alikuwa amesoma miaka ishirini na mbili.

Na kijiji kizima hakikuwa na mbegu.

Au ndivyo walivyodhani. Jumatano Bibi Mbeleje akaja ofisi ya kijiji na kibuyu kilichopakwa masizi, kilichokuwa kikining'inia juu ya moshi wa jiko lake. Ndani mlikuwa na mtama, ule mfupi unaokomaa upesi. Kibuyu kimoja. Kinatosha kupanda shamba la kuwavusha watu waliobaki, kwa shida, wakila mara moja kwa siku.

"Bibi, wewe hukupanda?" Mwenyekiti akauliza.

"Nyayo zangu ziliniambia pakavu. Nikangoja."

"Na hukutuambia?"

"Ungenisikiliza mimi na kipaza sauti kiko mkononi mwako?"

Mzee Masinga akainamisha kichwa.

Lakini Mhezule kuna sheria ya mbegu ya mwisho, nayo ni ya kale kuliko ofisi. Mbegu ya mwisho haiingii ardhini mpaka ajulikane aliyeupoteza mwaka. Akijulikana, ananawa mikono mbele ya watu, haigusi mbegu, wala hali mavuno yake, yeye na nyumba yake. Na asipakaziwe mtu bure. Wanasema mwaka unamjua mwenyewe. Ukimpa asiye wake, unarudi kumtafuta, na unapita kwenye nyumba zote kwanza.

Wakakusanyika siku hiyohiyo. Namba ya asubuhi ilikuwa ishirini na moja.

Bibi Mbeleje akasimama wa kwanza. "Mwaka ni wangu. Mkono uliomwaga ni huu. Wengine walinifuata tu. Nisingemwaga, chombo kingesema kweli, na ujumbe usingekuja. Mwaka ni wangu."

Mwanamke mmoja akasema, "Bibi, ulimwaga maji yako ya kunywa. Ulimwaga kwa ajili yetu. Nani anaadhibiwa kwa kuomba?"

"Aliyeomba bila kuuliza mlango ni wa nani," Bibi akajibu.

Kisha ikasikika sauti nyuma ya ukuta. Alikuwa Chilongani, ameketi nje, amewapa watu mgongo, maana mama mkwe wake alikuwa ndani. Hakusema nao. Alisema na mkewe, na mkewe alisimama mlangoni akiyapokea maneno na kuyaingiza ndani.

"Sechelela, waambie mwaka ni wangu."

"Anasema mwaka ni wake."

"Waambie aliyemwaga hakujua. Aliye mjini hakujua. Mimi nilijua. Kopo langu lilisema nne, mkono wangu ukaandika kumi na nane. Waambie nilipanda mbegu ya wanangu nikijua."

Sechelela hakulirudia hilo. Alisimama tu mlangoni. Lakini wote walikuwa wamelisikia.

"Kwa nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Muulize," sauti ikasema, "kama angekuwa mimi, angelitaja jina lipi."

Wazee wakakohoa. Hapakuwa na mtu humo ndani ambaye angelitaja. Wangemdharau mpaka kaburini kama angelitaja. Sasa walikuwa wanakufa kwa sababu hakulitaja.

Jua likatua hawajaamua. Alhamisi, kumi na nane.

Akasimama Nyemo. "Mwaka ni wangu. Bibi alimwaga kata, Chilongani aliandika daftari. Kata haikuwaambia mpande, daftari halikuwaambia mpande. Mimi niliwaambia. Setilaiti ilisema pakavu, nikaikatalia. Mstari ulinionyesha meno, nikayapiga pasi. Kila jioni mlikuwa mnaniandikia barua kwa maji yenu na mimi nikaifuta kwa sababu haikuwa nadhifu. Niandikeni mimi. Nitanawa leo."

Watu wakaguna, na guno lenyewe lilikuwa la nafuu. Mgeni. Msomi. Hana mtoto Mhezule. Akinawa, hakuna nyumba itakayolala njaa.

Nyemo akalisikia guno hilo. Akaelewa, akiwa bado amesimama, kwamba alikuwa anawapa kitu asichokuwa nacho. Adhabu yake ilikuwa kutokula mavuno ambayo hata hivyo asingekuwepo kuyala. Mwezi wa tatu mkataba unaisha. Angenawa mikono, angepanda gari, angekula chakula cha mchana njiani.

Bibi Mbeleje naye akaelewa, maana alisema bila kumtazama, "Mjukuu wangu, mwaka siyo begi ubebe upande nalo gari. Mwaka hauna nauli. Utashukia getini na kurudi kwetu kwa miguu."

"Basi ni wetu sote," akasema Mzee Masinga, na kwa mara ya kwanza hakuipenda sauti yake. "Mimi nilisoma ujumbe. Ninyi mligusa vumbi, mkaliita shamba kwa sababu simu imesema. Nani hapa hakuinama akaona?"

"Tukiwa sote," mtu akasema, "nani ataigusa mbegu? Nani atakula?"

Jua likatua tena.

Ijumaa, kumi na tano. Walikaa tena. Bibi akasema ni wake. Ukuta ukasema ni wake. Nyemo akasema ni wake, lakini sasa kwa sauti ya mtu anayejua hatakubaliwa. Kila mmoja alisema kweli, na kila kweli ilikuwa na nyumba yake. Wakimpa Bibi, wanachukua kibuyu chake na kumwacha afe kando ya shamba la mbegu yake. Wakimpa Chilongani, watoto watatu watakaa mlangoni wakitazama majirani wakipika. Wakimpa Nyemo, wamempa asiye na cha kukosa, na sheria inasema mwaka utarudi.

Ndipo Sechelela akaingia kutoka mlangoni. Siku tatu alikuwa amesimama kati ya mama yake na mume wake akibeba maneno. Akakichukua kibuyu, akakiweka katikati ya sakafu.

"Nimewasikia. Mnagombania kosa kama watu wanavyogombania nyama," akasema. "Mama, ukishinda wewe, nakuzika. Mume wangu, ukishinda wewe, nawazika wanangu. Dakta, ukishinda wewe, natulia mwaka mmoja, kisha sijui ninamzika nani. Nimechoka kubeba maneno. Mniambie nichimbe kaburi la nani, au shamba, maana jembe ni moja."

Nje, nyuma ya ukuta, mtu mzima alikuwa analia kwa namna ya wanaume wa Mhezule, bila sauti, mabega tu.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, setilaiti ikapita. Nyemo alikuwa amesimama shambani, uso ameuinua, ingawa hakuna mtu anayeweza kuiona. Hiyo huko juu haikuona kibuyu. Haikuona ukuta wala kata wala daftari. Iliona ardhi tu, ikasema: kumi na mbili. Chombo kikasema kumi na mbili. Chilongani akapima kopo, akasema kwa sauti ya kusikika: kumi na mbili. Na chini ya kumi, mtama hauamki.

Haya, mabingwa wa kujua kila kitu, mlikuwa mnacheka mwanzoni, sasa mbona mmenyamaza? Mimi hadithi nimeileta mpaka hapa, siongezi hatua. Msiniambie ni wote, hilo walilisema wakakosa wa kushika mbegu. Msiniambie hakuna, maana makaburi yatawauliza. Wala msiniambie mtafikiri mpaka kesho. Wao walifikiri kuanzia ishirini na moja. Kibuyu kile pale sakafuni, Sechelela ameshika jembe, jua linapanda, udongo unakauka mnavyonitazama.

Bibi aliyemwaga maji yake akiomba, mkwe aliyeficha namba akiheshimu, au msomi aliyenyoosha mstari akiamini ardhi: je, mwaka ulikuwa wa nani?